Nani ataisoma kazi hiyo Septemba?

Kila mwaka, Google Summer of Code inapokaribia, yaani mpango wa Google wa kuwalipa posho wachangiaji wapya wa programu huria wakati wa kiangazi, jumuiya ya Django hurudi kwenye swali lilelile: kati ya kazi zote zinazosubiri kwenye freimuweki yetu ya kujengea tovuti kwa Python, ipi apewe mwanafunzi? Django iliingia kwenye mpango huo 2006, mwaka mmoja tu baada ya freimuweki yenyewe kutolewa hadharani na mpango wenyewe kuanza. Tangu hapo tumeona kazi za kiangazi ambazo leo zinatumika kwenye tovuti zisizohesabika, na tumeona nyingine zikibaki kwenye tawi la msimbo ambalo hakuna anayelifungua tena. Mara nyingi tofauti hiyo huanzia siku ya kuchagua, kabla mwanafunzi hajaandika hata mstari mmoja.

Nina upande wangu na nitausema. Lakini upande wa pili una hoja nzito, nzito kuliko wengi wetu tunavyokubali, kwa hiyo naanza nao.

Hoja yenyewe ni hii: mwanafunzi wa kiangazi apewe kazi kubwa, kwa sababu hakuna mtu mwingine wa kuifanya. Django inajengwa zaidi na watu wa kujitolea, wanaoifungua jioni baada ya kazi au Jumamosi watoto wakiwa wamelala. Tiketi, yaani ombi la kazi lililoandikishwa kwenye mradi, ya kurekebisha ujumbe wa kosa inaweza kumalizwa na mtu wa namna hiyo kwa saa mbili. Kazi inayodai kuukalia msimbo wa ORM, sehemu ya Django inayozungumza na hifadhidata, wiki baada ya wiki, ukiwa umeubeba wote kichwani, haimalizwi kwa vipande vya jioni. Mwanafunzi anayelipwa posho ana kitu ambacho sisi wengine hatuna, nacho ni muda mfululizo. Kumpa vitiketi, wanasema wenye hoja hii, ni kumtuma fundi wa kujenga nyumba akapigilie msumari.

Na ushahidi wanao. Mpaka 2009 mradi wa Django ulizungumza na hifadhidata moja tu. Ukitaka mbili, ulihangaika mwenyewe kwa njia za mkato. Kiangazi cha mwaka huo mwanafunzi mmoja alikabidhiwa kazi ya kubadilisha hali hiyo, kazi iliyogusa karibu kila mahali ambapo swali linatengenezwa na kupelekwa kwenye hifadhidata. Kama wachaguzi wangesema ni kubwa mno kwake, toleo la 1.2 la Mei 2010 lingetoka bila kitu ambacho kampuni nyingi zilikuwa zikikililia. Kiangazi cha 2013 kikazaa mfumo wa ukaguzi ulioingia toleo la 1.7, ule unaokuonya kwamba modeli yako, yaani maelezo ya data zako kwenye msimbo, ina kasoro kabla seva haijaanza kazi. Kila anayeandika Django leo ameshaonywa nao.

Sasa upande wangu, na naanza na tiketi namba 373.

Tiketi hiyo ilifunguliwa 2005. Inaomba jambo linaloelezeka kwa sentensi moja: modeli iweze kuwa na ufunguo mkuu, yaani kitambulisho cha kila rekodi, unaoundwa na safu zaidi ya moja. Mtu asiyeijua ORM kwa ndani angedhani ni kazi ya wiki chache. Ilijaribiwa kama mradi wa kiangazi 2011, ikajaribiwa tena 2013, na mara zote mbili haikuingia. Ufunguo mkuu wa safu moja ni dhana iliyomwagika kila kona. Funguo za kigeni, zinazounganisha modeli na modeli, zinaitegemea, anwani za kurasa za admin, sehemu ya usimamizi wa data, zinaitegemea, mahusiano ya jumla yanaitegemea, hata ulinganishi wa kitu na kitu unaitegemea. Ukivuta uzi mmoja, nguo nzima inasogea. Ufunguo huo ulifika kwenye toleo la 5.2, Aprili 2025, karibu miaka 20 baada ya tiketi kufunguliwa, na hata hapo ulikuja na mipaka: ufunguo wa kigeni hauwezi kuelekezwa kwenye modeli yenye ufunguo wa namna hiyo, wala modeli hiyo haisajiliki kwenye admin. Waliochagua mradi ule 2011 hawakukosea kuona kwamba unahitajika. Walikosea kudhani kwamba hitaji likiwa kubwa, kiangazi kitarefuka.

Hapo ndipo wengi hufikia hitimisho jepesi, kwamba basi tuchague kazi ndogo. Silikubali, na sababu imo kwenye tarehe.

Ile kazi ya hifadhidata nyingi ya 2009 haikuisha Agosti. Iliingia kwenye msimbo mkuu Desemba. JSONField, safu ya kuhifadhi data za muundo wa JSON, inayofanya kazi kwenye hifadhidata zote ilikuwa mradi wa kiangazi cha 2019, na iliingia Mei 2020, ikatoka na toleo la 3.1 mwezi Agosti. Kwa hesabu za Google, kiangazi kilikuwa kimefungwa zamani, na tathmini ya mwisho imeshajazwa.

Kilichofanyika katika miezi hiyo kinastahili kutazamwa kwa karibu. Kabla ya hapo JSONField ilikuwa ya hifadhidata ya PostgreSQL peke yake, tangu toleo la 1.9. Kuipeleka kwenye MySQL, MariaDB, Oracle na SQLite kunasikika kama kunakili. Lakini chukua swali dogo tu: null maana yake nini? Kuna NULL ya SQL, yaani safu haina kitu, na kuna null ya JSON, yaani safu ina kitu na kitu hicho ni null. Ukitafuta rekodi ambazo thamani yake ni None, neno la Python la "hakuna kitu", unatafuta ipi? Kila hifadhidata ina tabia yake katika kusoma ufunguo ndani ya JSON, na freimuweki inapaswa kumrudishia mtumiaji jibu lilelile popote alipo. Maswali kama hayo hayamalizwi na mwanafunzi akiwa peke yake na kompyuta yake. Yanamalizwa na mtu mwingine anayesoma msimbo mstari kwa mstari, anayeandika "hapa kwenye Oracle itavunjika", kisha anasubiri marekebisho na kusoma tena, mara ya kumi kama ya kwanza.

Kwa hiyo swali la ukubwa wa kazi tunalibishania bure. Swali langu la kwanza kwa kila pendekezo lingekuwa: nani ataisoma kazi hii Septemba, posho ikiwa imeisha, mlezi aliyemwongoza amerudi kwenye shughuli zake, na mwanafunzi yuko darasani? Kama jina la msomaji lipo na mwenyewe amekubali, kazi kubwa inawezekana. Kama halipo, hata kazi ya wastani itaozea kwenye foleni.

Hali imekuwa nafuu kuliko zamani. Tangu mwishoni mwa 2014 Django Software Foundation, taasisi inayousimamia mradi, inawalipa watu wachache kupanga tiketi na kupitia msimbo, na bila wao sidhani JSONField ingefika. Lakini hao nao wana foleni ya dunia nzima, na mradi wa kiangazi usiopangiwa msomaji wake unawaangukia wao, juu ya mizigo waliyonayo.

Wenzangu wa upande wa pili hunijibu kwamba kipimo hicho kinatuelekeza kwenye vitu salama, na mfano wao ni kache ya Redis, hifadhi ya muda inayoharakisha tovuti. Kwa miaka kifurushi cha nje kilikuwa kikifanya kazi hiyo vizuri. Kiangazi cha 2021 mwanafunzi akaandika inayokaa ndani ya freimuweki, ikaingia Septemba kabla ya alfa, toleo la majaribio, ya 4.0, na Desemba ikawa mikononi mwa watumiaji. Wanauliza, ubunifu uko wapi hapo?

Kwangu mradi huo ni mfano wa uchaguzi mzuri. Hitaji lilijulikana. Umbo la kazi lilijulikana pia, kwa kuwa kache za Memcached, mfumo mwingine wa namna hiyo, zilikuwepo kama kiolezo. Mipaka ilikuwa wazi: kifurushi cha nje kiendelee kubeba mambo ya ziada, cha ndani kibebe yale ya kila siku. Na mpangilio ulikuwa wa ngazi. Kazi ingekatika katikati ya Julai, kungebaki kitu kinachofanya kazi, chenye majaribio yake, ambacho mtu mwingine angeweza kukiendeleza. Ningependa kila pendekezo kubwa liandikwe hivyo, lioneshe kitakachoingia mwezi wa kwanza hata kama yaliyobaki yatashindikana.

Kuna linaloniumiza zaidi, na hapa siko upande wowote kwa raha. Waliofanikiwa na kazi kubwa mara nyingi walikuwa wameshazoeleka. Yule wa 2009 alikuwa tayari mchangiaji anayejulikana kabla ya kuomba. Ukichagua kwa kuangalia nani atamaliza, utamchagua mtu wa namna hiyo kila mwaka, na utamwacha anayebisha hodi kwa mara ya kwanza, wakati mpango huu uliundwa ili kuingiza watu wapya. Tangu 2022 Google imeufungua hata kwa wasio wanafunzi, mradi wawe wageni katika programu huria na wametimiza miaka 18. Tukiwabakiza walewale, mlango uliopanuliwa tunausindika sisi wenyewe.

Njia ninayoiona ya haki ni kumpima mgeni kwa mazungumzo badala ya idadi ya viraka, yaani marekebisho ya msimbo, alivyoingiza. Achukue tiketi moja ndogo, apate ukaguzi mmoja mkali, tuone anaujibu vipi. Anauliza pale asipoelewa, au anatuma toleo jipya bila kugusa yaliyosemwa? Kipimo hiki kina thamani zaidi sasa, ambapo akili mnemba inaweza kuandika pendekezo la kurasa sita lenye ratiba ya wiki kwa wiki na lugha safi kuliko ya walezi wenyewe. Zamani andiko zuri lilionesha walau kwamba mtu amekaa na msimbo. Siku hizi linaonesha kidogo sana. Ila kipimo hicho kinakula muda wa walezi mwezi Machi, kabla hata nafasi hazijatolewa, na sijui namna ya kukikwepa.

Tunabaki na idadi ya nafasi za kuomba kwa Google. Jumuiya nyingi huona fahari kupata nyingi, na kurudisha nafasi huonekana kama kushindwa. Django iombe sawasawa na idadi ya majina ya wasomaji yaliyoandikwa kwenye mstari wa Septemba. Kama ni mawili, tuombe mbili, hata kama mapendekezo mazuri yako saba, na wale watano waambiwe mapema na kwa ukweli kwamba kazi yao ilikuwa nzuri ila tulikosa wa kuisoma, ili wapate muda wa kujipanga kwingine.