Siku ya tisa, mdogo wangu akaacha dawa

Mwaka jana mdogo wangu alirudi kutoka hospitali na bahasha ndogo ya karatasi, zile za dirisha la dawa. Juu yake waliandika kwa kalamu ya bluu: Fluoxetine 20mg, 1x1, asubuhi. Ni dawa ya sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Ndani mlikuwa na vidonge vya rangi mbili, nusu kijani nusu nyeupe. Zaidi ya hapo hakuambiwa kitu. Akavimeza siku nane. Kichefuchefu kilimsumbua, usiku halali, na moyo ukabaki mzito vilevile. Siku ya tisa akaisukumia ile bahasha chini ya kanga kabatini, akaniambia, "Dada, dawa imenikataa."

Amenikubalia niandike haya, kwa sababu kuna jambo tuliloligundua wote wawili baadaye. Dawa ilikuwa haijaanza kazi. Dawa za aina ile huchukua wiki 2 hadi 4, wakati mwingine hata 6, ndipo mtu aonje nafuu. Kichefuchefu na kukosa usingizi vyenyewe havisubiri, huja siku za mwanzo, na kwa wengi hupungua taratibu. Mgonjwa anapata tabu kwanza, faida inafuata. Maelezo hayo ni ya dakika mbili tu, na bado yananiuma kwamba hakuna aliyempa.

Naamini kwenye sonona wengi wetu hatuchagui tiba kabisa. Tunapokea ya yule aliyetuwahi. Ukiwahiwa na mchungaji, utafunga na kuombewa. Ukiwahiwa na shangazi anayeamini umetupiwa jini, safari ni ya kwa mganga. Muuza duka la dawa atakupa vidonge vya usingizi, na daktari mwenye foleni mpaka nje atakupa bahasha. Ile ya kwanza isipofaa tunasema huyu hana tiba, na mtu mwenyewe anaamini. Sipingani na maombi. Mdogo wangu anasali mpaka leo na yanamtia nguvu. Ninachokataa ni mtu kuambiwa achague Mungu au kidonge.

Cha kuanzia ni kujua sonona yenyewe ina uzito gani. Kuna karatasi ya maswali 9, inaitwa PHQ-9, na imeshatafsiriwa kwa Kiswahili. Inauliza kuhusu wiki 2 zilizopita: usingizi, hamu ya kula, uchovu, kujiona hufai, kuwaza kwamba heri ungekufa. Iombe. Shirika la Afya Duniani linasema sonona nyepesi haihitaji dawa. Hapo mazungumzo na mtu aliyefundishwa, mazoezi ya mwili na kupunguza mzigo unaomkandamiza mtu vinaweza kutosha. Ikiwa ya kati au nzito, kuna dawa, kuna mazungumzo, na mara nyingi vyote viwili pamoja. Ila yule anayewaza kujiua hasubiri miadi. Asiachwe peke yake, apelekwe hospitali leo hiihii.

Neno "mazungumzo" wengi wetu hulidharau. Tunasema, nikaongee tu, kwani maneno yatanilipia kodi? Mimi nilibadilika niliposoma habari za Harare, mji mkuu wa Zimbabwe. Daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa wake, binti aliyejiua mwaka 2005. Familia ya binti ilimwambia walitaka kumleta hospitali, ila hawakuwa na nauli ya basi. Mwaka uliofuata, katika kitongoji cha Mbare, Chibanda akaanza na bibi 14 wa mtaani, akawafundisha kukaa na wagonjwa kwenye benchi la mbao pale kliniki. Kwa Kishona, lugha ya huko, ugonjwa huu wanauita kufungisisa, kufikiri kupita kiasi, kama sisi tunavyosema fulani "ana mawazo". Kazi ya kwanza ya bibi ni kuvhura pfungwa, yaani kufungua fikra: unamwaga matatizo yako yote, unachagua moja, mnatafuta hatua moja unayoiweza. Kodi ya nyumba nayo inaingia humo. Utafiti wao wa watu 573 ulitoka mwaka 2016. Baada ya miezi 6, kati ya waliokaa na bibi, kama 14 katika kila 100 walikuwa bado na dalili za sonona. Kwa waliopata huduma ya kawaida walikuwa karibu 50. Mfano huo umeshafika hadi Zanzibar.

Ile nauli ndiyo inayonirudia kichwani. Mdogo wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Ushauri wa kila wiki ulimaanisha mabasi mawili kwenda, mawili kurudi, na ruhusa ya mwalimu mkuu kila Jumatano. Asingefika wiki ya tatu. Tiba inayokushinda nauli haikufai, hata iwe bora kiasi gani kwenye vitabu. Hilo lilipaswa kuulizwa kabla hajaandikiwa chochote.

Tulienda kituo kingine. Muuguzi mmoja alivuta kiti akakaa upande wetu wa meza. Alimuuliza kama amewahi kupata siku za furaha kupita kiasi, halali na wala hachoki, maana mwenye historia hiyo akipewa dawa ya sonona peke yake anaweza kuruka upande wa pili, akachangamka kupita kiasi. Akataka apimwe damu, kwa kuwa upungufu wa damu nao unachosha mtu mpaka akaonekana ana sonona. Akauliza kuhusu pombe na mitishamba. Tukamuuliza kuhusu amitriptyline, dawa ya zamani ambayo jirani yetu anaitumia. Akasema inasaidia, ila inakausha mdomo na kuleta usingizi, na ni ya hatari mno ikimezwa nyingi kwa pamoja, kwa hiyo anayewaza kujiua haachiwi pakiti nzima.

Mwisho wakakubaliana: arudie vidonge vilevile, na mazungumzo mara moja kwa mwezi siku anayofuata dawa. Alipotaja kichefuchefu, muuguzi akamwambia ameze baada ya chai na avumilie wiki mbili. Kikizidi, arudi wabadilishe, asiache kimyakimya.

Wiki ya 5 nilikuwa jikoni kwake nakaanga vitunguu. Akasimama mlangoni kimya, kisha akasema, "Nimesikia harufu." Miezi kadhaa chakula hakikuwa na harufu kwake.

Sasa yuko mwezi wa 7, na ananiuliza ataacha lini. Nimemwambia swali hilo si langu wala lake peke yake, kwa sababu kinachoshauriwa ni kuendelea miezi mingi baada ya kupata nafuu, kisha kupunguza kidogokidogo chini ya daktari. Miadi ni tarehe 14. Tunakwenda wote, na nauli nimeshaiweka pembeni.