Gari limeuzwa Texas, namba zimebaki na mimi

Mwezi wa tatu niliuza pikapu yangu, Ram 2500 ya mwaka 2014 yenye injini ya dizeli ya Cummins ya lita 6.7, hapa Texas ninakoishi. Ilikuwa imetembea maili 212,000, yaani kilomita zipatazo 341,000, na sehemu kubwa ya safari hizo ilikuwa ikivuta tela lenye magari ambayo watu wamenunua mnadani. Kabla ya hapo, gari pekee nililowahi kushiriki kuliuza ni Land Cruiser pikapu ya marehemu baba, kule Moshi, mwaka 2016, kwa simu na kwa mikono ya mdogo wangu. Wenzetu wengi tulio nao huku hupenda kusema kwamba kuuza gari Marekani ni ustaarabu na kuuza gari nyumbani ni vurugu za madalali. Mimi nimeuza pande zote mbili na sikubaliani nao, ingawa lipo jambo moja la huku ambalo, laiti ningekuwa na uwezo, ningelipeleka Tanzania kesho asubuhi.

Nilianza kwa kuipeleka yadi moja inayonunua magari yaliyotumika. Kijana wa pale aliangalia maili, akaingiza namba ya chesisi kwenye kompyuta, akasoma historia ya gari, na ndani ya dakika kumi akanitajia dola 13,000 bila kufungua boneti. Nilimwambia asante nikarudi nyumbani, nikalipiga picha mwenyewe na kulitangaza kwa dola 23,000.

Simu za mwanzo zilinishangaza, kwa sababu swali la kwanza halikuwa bei. Waliuliza kama mfumo wa kusafisha moshi bado upo. Pikapu za dizeli za miaka hii zina kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi, pamoja na tangi dogo la maji ya urea ambayo hupuliziwa ndani ya moshi ili kupunguza sumu. Mfumo huo ukiharibika, matengenezo yake yanaweza kula dola elfu kadhaa, na ndiyo maana wenye magari wengi huuchomoa wote, wakabadilisha programu ya injini na kuweka bomba tupu. Sheria ya shirikisho ya hewa safi inakataza jambo hilo, lakini nusu ya walionipigia walitaka gari lililochomolewa, na mmoja alikata simu nilipomwambia kwamba langu ni zima kama lilivyotoka kiwandani. Anayedhani Wamarekani wote ni watu wa kufuata sheria na auze pikapu ya dizeli. Hata wakubwa wenyewe hawakusalimika: Desemba 2023 kampuni ya Cummins ilikubali kulipa faini ya zaidi ya dola bilioni 1.6 kwa sababu ya programu za kukwepa vipimo vya moshi katika mamia ya maelfu ya pikapu za Ram.

Ndugu zangu wa nyumbani nao waliniuliza kwa nini nisilipakie kwenye meli. Usukani uko kushoto, hilo la kwanza. Kenya haipokei gari la usukani wa kushoto wala lililozidi miaka minane, kwa hiyo Mombasa tusiitaje. Hata likifika Dar es Salaam na ushuru ukalipwa, kichujio kile kimetengenezewa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 15 kwa milioni, wakati kiwango cha Afrika Mashariki kilichoanza kutumika mwaka 2015 kiliruhusu hadi 50. Na nani atakayenitafutia maji ya urea pale Himo?

Aliyelinunua ni mfugaji wa ng'ombe, mzee wa makamo ya miaka sitini, aliyeendesha kwa muda wa saa nne kutoka magharibi ya jimbo akiwa na mwanawe. Aliniomba jana yake nisiliwashe kabla hajafika. Alipoteremka alinisalimu, akaweka kiganja juu ya boneti kuhakikisha kwamba injini ni ya baridi, ndipo akaniomba niwashe. Gari likiwa linaunguruma alifungua mfuniko wa oili, akaugeuza juu chini na kuulaza juu ya tundu lake bila kuukaza, akasimama kuutazama. Injini iliyochoka hupumua kwa nguvu kupitia tundu hilo hadi mfuniko unaruka. Wa kwangu ulitikisika kidogo ukatulia palepale. Kisha aliuliza habari za ile skrubu ya kipasha hewa, ambayo wenye Cummins za lita 6.7 wanaiogopa kwa sababu inaweza kuungua, ikakatika na kudondokea ndani ya injini. Nilimwonyesha risiti ya kipasha hewa kipya. Halafu akalala chini ya gari na shati lake safi, akakaa huko kwa muda ambao mimi niliuona mrefu sana.

Hapo ndipo nilipomkumbuka fundi wa Moshi. Mnunuzi wa gari la baba alikuwa mfanyabiashara wa tangawizi kutoka Same, na alikuja na fundi wake. Mdogo wangu alinisimulia kwamba fundi yule naye alidai injini iwe ya baridi, naye akafungua mfuniko wa oili na kuulaza juu ya tundu, kisha akachomoa stiki ya oili na kuinusa. Gari lenyewe lilikuwa na ile injini ya 1HZ ya silinda sita, lita 4.2, isiyo na kompyuta hata moja, na fundi aliisikiliza kama daktari anayesikiliza kifua. Karatasi haijawahi kufanya kazi hiyo, si Moshi wala Texas. Ile ripoti ya historia ambayo yadi iliiamini ilisema gari langu lina mmiliki mmoja na halijapata ajali, na yote mawili ni kweli. Lakini haikujua kwamba mwaka 2021 giaboksi ilifumuliwa yote kwenye gereji ya uani, nikalipa taslimu bila risiti. Nilimweleza yule mzee mwenyewe. Ningeweza kunyamaza, kwa kuwa mtu binafsi huku huuza gari kama lilivyo, na likishatoka getini ni la mwenzako.

Moshi hakuna kunyamaza, maana kuna mama. Dalali alikuwa amepanga mambo yake vizuri: tangazo lilisema "1HZ, namba B, halina deni, maelewano yapo" (namba B ni usajili wa mfululizo wa herufi B), bei ya mdogo wangu ilikuwa moja na bei aliyotajiwa mnunuzi ilikuwa nyingine, na cha juu kilichobaki katikati tulikuja kukijua baadaye. Lakini mtu wa Same alipokaribishwa chai alimwamkia mama, akasubiri kidogo, akamwuliza kwa heshima zote gari hili lina kasoro gani. Mama akamjibu, "Mwanangu, linakula oili, na likipanda Marangu na mzigo linachemka." Mdogo wangu anasema dalali aliweka kikombe chini akatoka nje. Bei ilishuka kwa milioni moja papo hapo, na gari likauzwa siku ileile. Miezi miwili baadaye mnunuzi alipiga simu kwamba gia ya tatu inagoma, na mdogo wangu akapanda basi na fundi kwenda Same kumsaidia. Hapakuwa na mkataba uliomtaka aende.

Kwa hiyo upande wa kulijua gari, mimi naupa nyumbani ushindi bila kusita, pamoja na cha juu cha dalali. Na wanaosema Wazungu hawapatani bei hawajakutana na wafugaji: mzee yule alianza na dola 19,000, tukakaa kimya kimya huku mwanawe akirusha vijiwe, tukafikia 21,500.

Upande wa kuliacha gari, hata hivyo, huku wametuzidi mbali. Tulikutana benki yake ili hundi itolewe mbele yangu, kwa kuwa hundi bandia za benki ndizo silaha ya matapeli wa magari. Nikasaini nyuma ya hati ya umiliki na kuandika maili zilizoonyeshwa kwenye dashibodi, jambo ambalo sheria ya shirikisho inalidai na adhabu ya kudanganya ni kubwa. Tukaenda pamoja ofisi ya kodi ya kaunti, akalipa asilimia 6.25 ya bei, yaani dola 1,343 na senti. Mimi nikaijulisha mamlaka ya magari ya jimbo kwamba si langu tena. Mwisho nikachukua bisibisi, nikafungua namba mbele na nyuma, nikaziweka kwapani, kwa sababu Texas mtu binafsi akimuuzia mwenzake gari anaruhusiwa kubaki na namba zake.

Nyumbani namba hubaki kwenye gari, na kadi mara nyingi hubaki na jina la aliyeuza. Sisi tulikwenda kwa wakili, tukabandika picha, tukaweka mashahidi, na mnunuzi akaahidi kuhamisha umiliki mwezi uleule. Mwaka 2019 mdogo wangu aliingiza namba ya gari la baba kwenye mfumo wa polisi kwa udadisi tu, akakuta makosa manne ya barabarani ambayo hayajalipwa, shilingi 30,000 kila moja, huku kadi ikiwa bado inasoma jina la marehemu. Mtu wa Same si mwizi, alilipa alipopigiwa. Yeye aliona mkataba umetosha, kama wanavyoona wengi, mpaka siku gari linapogonga mtu na polisi wanabisha hodi kwa mjane. Bisibisi ile ndiyo ningeisafirisha kwenda Tanzania.

Namba zangu za Texas zipo juu ya rafu jikoni, na pikapu ilikokwenda sijui na sitajua. Juzi nilipompigia mama alinieleza habari za mvua, za migomba na za jirani, kisha akaniambia, kama mtu anayesimulia habari za ndugu, "Gari la baba yenu nimeliona leo stendi. Wamelipaka rangi ya bluu."