Kama nilivyopokea

Kuna maneno mawili siku hizi nikiyaona kwenye simu tumbo linanivuta: kama nilivyopokea. Mtu anamwaga picha ya maiti kwenye grupu la watu mia mbili, humo mna mama zake, shangazi zake na watoto wanaochezea simu za wazazi, alafu chini anaandika kama nilivyopokea, basi kashanawa mikono kama Pilato na anaenda zake kunywa chai. Nayajua hayo maneno vizuri kwa sababu na mimi niliyaandika.

Mi nina kibanda cha uwakala wa miamala pale Soweto, Mbeya mjini, na kazi hii inakufanya uwe kwenye magrupu mengi hata usiyoyataka, la wateja, la mtaa, la kwaya, la bajaji, la kikoba. Ilikuwa Februari, na mvua ya Mbeya mnaijua, ikianza asubuhi haina haraka ya kwenda popote. Wateja hakuna. Nimejikunyata na koti, naskroli tu, ikaingia picha kwenye grupu la bajaji. Fuso limelala ubavu, turubai la bluu limechanika, viazi vimemwagika mpaka mtaroni, na pembeni kuna mtu kafunikwa kanga, miguu imebaki nje, mguu mmoja una kandambili na mwingine hauna. Chini imeandikwa Iwambi sasa hivi, tuwaombee.

Sasa kwa mtu wa Mbeya ukimwambia Iwambi humwambii mara mbili. Ile ni barabara kuu ya kutoka Dar kwenda Tunduma, malori ya Zambia na Kongo yote yanapita humo humo mjini tunamopita sisi na bajaji na watoto wa shule, na mteremko ule umeshatutoa machozi sana. Kwa hiyo sikujiuliza kitu. Nikataka kuituma, WhatsApp ikanigomea kidogo, maana picha ilikuwa na ile mishale miwili ya kuonyesha imeshafowadiwa mara nyingi, na tangu Aprili 2020 kitu chenye mishale hiyo unakituma sehemu moja tu kwa wakati. Mi nina haraka, nina magrupu matano. Nikaiseivu kwenye simu alafu nikaituma upya kama picha yangu. Mishale ikapotea. Yaani hata ile alama ndogo ambayo ingemshtua mtu kwamba hiki kitu kimezunguka nchi nzima, nikaifuta kwa mkono wangu, nikaandika wapendwa ajali mbaya Iwambi, kama nilivyopokea, na vikono viwili vya kuomba.

Haijapita hata nusu saa akatokea Mama Tumaini. Yeye yuko kwenye kikoba, ni mama mtu mzima tunayemheshimu mtaani, na mume wake ni dereva wa fuso. Alfajiri hiyo Baba Tumaini alikuwa katoka na mzigo wa viazi kwenda Tunduma. Turubai lake la bluu. Mama kaja bila mwavuli, kitenge kichwani kimelowa chote, kashika simu kama mtu aliyeshika kaa la moto.

Nikamwambia shikamoo mama, hakuitikia.

"Mwanangu, hii picha umepiga wewe?"

"Hapana mama, nimetumiwa."

"Katuma nani?"

"Imetoka grupu la bajaji."

"Na huyo wa bajaji katumiwa na nani?"

Nikanyamaza, ningesema nini. Akaikuza ile picha kwa vidole viwili, akaikuza tena, akawa anaangalia kandambili. Baba Tumaini anazo za rangi hiyo, akasema. Sasa jamani nani Mbeya hana kandambili za bluu, lakini wewe mwambie mwanamke ambaye amepiga simu ya mumewe mara ishirini inamwambia haipatikani.

Kufika mchana majirani walishaanza kuleta mikeka. Naomba hapo uparudie. Mikeka, kwa mtu ambaye hajafa. Watoto wametolewa shule, dada yake mtu yuko kwenye basi anatoka Tukuyu analia njia nzima, Mama Tumaini kalala chini sebuleni presha imepanda, na mimi nimekaa kwenye kona ya ile nyumba sijui hata nishike nini, niondoke au nibaki.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja mwalimu mstaafu ambaye huwa tunamcheka kwenye grupu kwa kuandika sentensi zenye nukta na mkato. Aliandika hivi: Hizo nyasi zimekauka. Februari hii, kwa mvua hii, nyasi kavu Iwambi mmezitoa wapi? Ndo watu wakaanza kuangalia vizuri, mmoja akasema hata namba ya gari si ya kwetu. Kweli. Mi nilikaa na ile picha, nje ya kibanda changu matope yanafika kwenye vifundo, na sikuona kwamba kwenye picha kuna vumbi. Ilikuwa ajali ya zamani, ya barabara nyingine kabisa, nchi nyingine, na yule aliyefunikwa kanga ana watu wake huko ambao labda hadi leo hawajui kwamba miguu ya ndugu yao inazunguka Mbeya ikiombewa kwa jina lisilo lake.

Baba Tumaini alipatikana saa tatu usiku. Alikuwa kwenye foleni ya Tunduma, simu imeisha chaji.

Nilifuta, ndiyo. Futa kwa wote, ikabaki ujumbe huu umefutwa, na hiyo nayo ikazua balaa lake, watu wanauliza umefuta nini, kuna nini unaficha, maana tayari watu wanne walishaiweka stetasi na mmoja kaiongezea muziki wa huzuni. Nilichojifunza siku ile ni kwamba kufuta kunakusafisha simu yako wewe tu.

Watu huwa wananiambia sheria ipo. Ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inasema kwa anayesambaza taarifa za uongo huku akijua ni za uongo na kwa nia mbaya, faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Wanahabari na wanaharakati wameilalamikia sana hiyo sheria na mi nawaelewa, lakini hapa siyo hoja yangu. Hoja yangu ni kwamba mi sikujua kuwa ni uongo na sikuwa na nia mbaya, kwa hiyo nikiisoma kwa macho yangu ya mtu wa kibandani naona hainihusu sana. Nilikuwa na nia nzuri kabisa. Niliweka na vikono vya kuomba! Mtu mwenye nia mbaya ni mmoja kwenye grupu, sisi wenye nia nzuri ndo mia moja tisini na tisa tunaobeba mzigo wake bure, kwa bando zetu wenyewe.

Na utasema ingekuwa ya kweli je? Ingekuwa mbaya zaidi. Kwetu huku taarifa ya msiba ina utaratibu. Wanatumwa watu wazima, wawili au watatu, wanakaa, wanaulizia habari za shamba, wanaomba maji, aliyepelekewa anaanza kuhisi mwenyewe taratibu, na pembeni keshaandaliwa mtu wa kumdaka akianguka. Leo mama anajua mwanae kafa kwa kuona shati, akiwa peke yake jikoni, simu moja mkononi na mwiko mkono mwingine. Tumeuondoa ule utaratibu wote kwa ajili ya nini? Ili nionekane nimewahi.

Kinachonichekesha, tunavyowachukia wale wa mikopo ya mtandaoni, kausha damu, kwamba ukichelewa rejesho wanawatumia watu wako wote meseji na picha yako eti huyu ni tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 za mikopo zisizo na leseni, mtaani tukashangilia. Na wiki hiyo hiyo kwenye grupu letu la kikoba mtu kaweka picha ya mwenzetu aliyekwama rejesho, na jina, na mtaa, na tukaweka emoji za kucheka. Hiyo tunaiita kukumbushana.

Sisemi picha zisitumwe kabisa. Wale vijana wa bajaji wakiandika Iwambi lori limeziba njia, upande mmoja ndo unapita, hiyo ni msaada mkubwa, inaokoa muda na inaokoa mtu anayekuja na mwendo. Lakini ona, hiyo ni maneno. Mahali, saa, njia ikoje. Haihitaji miguu ya mtu. Na yule aliyepo pale anayeshikilia simu juu anatafuta engo nzuri wakati majeruhi anaomba maji, huyo sina cha kumwandikia, labda akutane na Mama Tumaini.

Mi sasa hivi nikitumiwa kitu cha namna hiyo nauliza swali lake, katuma nani na yeye kapata wapi. Mara nyingi grupu linakuwa kimya, tiki za bluu zinajaa, hakuna anayejibu. Wengine wananiona nina kiherehere. Admini mmoja alinitoa, nikarudishwa baada ya wiki kwa sababu walikosa wa kuwatolea hela usiku.

Yeye Mama Tumaini hakunisema hata siku moja. Nilienda na sukari kilo mbili kumwomba radhi, akaipokea akasema ndaga, yaani asante, mwanangu, akanipa chai, tukaongea habari za bei ya mbolea. Ila tangu siku ile ikiingia picha ya ajali popote ananipigia, hata usiku. Juzi kapiga saa nne na nusu. "Mwanangu, kuna fuso hapa, wanasema ni Chimala. Ni ya kweli?" Nikamwambia mama sijui, subiri, nikampigia Baba Tumaini mwenyewe. Iliita mara tano, nikahesabu. Akapokea na sauti ya usingizi, yuko Igawa kapaki analala, akaniuliza huko mjini mvua imekatika?