Bukavu haikimbiwi kwa namba

Mtu akianza kukimbia hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, swali la kwanza analoulizwa na wenzake ni hili: "Kilomita moja unaipiga kwa dakika ngapi?" Siku hizi simu inajibu kwa niaba yake. Programu inahesabu, na kabla hajaoga, picha ya namba imeshazunguka kwenye WhatsApp. Kwa mji huu mimi naona swali hilo halina kichwa wala miguu.

Kilomita ya wapi? Ya kule Nguba karibu na ziwa, au ile ya kupanda kuelekea soko la Kadutu? Maji ya Ziwa Kivu yenyewe yako kama mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo mji unapanda tu. Mtu yuleyule atatumia dakika 6 huku na 9 kule, na zile 9 ndizo zitakazomtoa jasho zaidi. Wala usidhani mteremko utakurudishia ulichotoa mlimani. Ukishuka, misuli ya mapaja inafanya kazi ya breki, inakaza huku inavutwa, na kesho yake hata kushuka ngazi ni shughuli. Weka na matope ya Novemba, mashimo, na wamotari, yaani waendesha pikipiki, wanaopita upande wowote waliouchagua. Namba ile ya dakika kwa kilomita haionyeshi hata moja ya hayo.

Wapenda namba watanijibu: mbona Kipchoge anahesabu kila sekunde? Kweli. Vienna, mwaka 2019, alimaliza umbali wa marathoni kwa saa 1:59:40, yaani kama dakika 2 na sekunde 50 kila kilomita. Lakini angalia alivyoandaliwa: barabara tambarare ya Prater, siku iliyochaguliwa kwa hali yake ya hewa, na wenzake wakipokezana kumkinga upepo. Nani ametuandalia hayo hapa kwetu?

Mimi napima kwa mdomo. Kundi letu la Jumamosi linakimbia likiimba, kama makundi mengi ya mjini: mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, makofi yanafuata miguu. Wapita njia wanadhani ni kuchangamshana tu, kumbe wimbo ndio kipimo. Juhudi zikipita kiwango fulani, hewa ya kaboni inazidi mwilini, pumzi inaenda mbio kuitoa, na sentensi nzima haitoki tena. Ukiweza kuitikia hadi mwisho wa ubeti, uko kwenye kasi nyepesi, ile inayojenga moyo bila kukumaliza. Ukibaki na "eh!" peke yake, punguza.

Juzi kijana mmoja, mpya katika kundi, alinijia ubavuni, akaniita yaya kama tunavyowaita wakubwa wetu hapa: "Yaya, leo tunaenda kama wazee." Nikamwambia aanzishe wimbo. Akaanzisha, tukaitikia, na alipofika mstari wa pili sauti ikakatika. Hakuna aliyemcheka. Alirudi nyuma kidogo, tukaendelea.

Mtafiti Stephen Seiler, Mmarekani anayefanya kazi Norwei, alichunguza mazoezi ya mabingwa wa michezo ya kustahimili akaona karibu asilimia 80 ya vipindi vyao ni vyepesi. Hao ni mabingwa! Sisi tunaokimbia kabla ya kwenda kazini ndio tunataka kila asubuhi iwe fainali. Hasa wanaume wenye miaka thelathini na kitu, mnisamehe ndugu zangu.

Siku ngumu ipo pia, moja kwa wiki. Natafuta mpando mmoja na kuacha kabisa habari ya kilomita: dakika mbili juu kwa nguvu, nashuka nikitembea, narudia mpaka hatua zianze kuvurugika, hapo naacha. Njiani napishana na akina mama wenye magunia ya makala, yaani makaa, mgongoni, kamba kwenye paji la uso, hatua fupifupi zisizobadilika kutoka chini hadi juu. Hatua hizo nimeziiga na zinafaa mlimani kuliko zile ndefu za kwenye video. Ila wao hawako mazoezini, na sipendi tuwasifu kama walimu wa riadha huku tukinyamazia malipo wanayopewa kwa gunia.

Saa ya mkononi bado naivaa. Inaniambia imebaki nusu saa nioge na kuwahi kazini, na kwa hilo sina ugomvi nayo.