Malkia wa Brazil hataki mbolea yako

Wapenzi wa maua wameibandika Worsleya procera, mmea wa maua wa Brazil, sifa ya maringo: ukiipanda, inaoza. Mimi naona mmea hauna maringo yoyote. Tunauua kwa kuudekeza.

Ni jamaa wa amarilisi, lile ua la bustani, lakini ua lake ni la zambarau iliyofifia hadi kukaribia buluu, lenye vitone vya rangi iliyokoza. Majani yamepinda kama mundu, na kitunguu chake (sehemu nene ya chini inayotoa majani na mizizi) kina shingo ndefu ajabu. Wabrazil huuita malkia; wengine, kwa sababu ya majani hayo, mkia wa jogoo. (Mimi niko na hao wa jogoo.)

Kwao ni milima ya Serra dos Órgãos, karibu na Petrópolis, jimbo la Rio de Janeiro. Huko unang'ang'ania miamba mitupu kando ya maporomoko, unapigwa na jua, upepo na ukungu. Maji yanapita mizizini bila kutuama, na udongo karibu haupo. Sasa mtu anauchukua mmea wa namna hiyo, anaushindilia samadi na udongo mweusi wa mfinyanzi, kisha analalamika! Upe kokoto, changarawe na mchanga wa chembe kubwa, mboji kiasi kidogo tu. Mwagilia mara kwa mara, ila maji yatoke chini ya chungu upesi. Kivulini hautachanua.

Eneo lake la asili ni dogo, na moto ni adui. Linaloniuma zaidi ni kwamba miongoni mwa nyasi zinazovamia miamba ya Brazil na kuchochea moto huo zimo nyasi za kwetu Afrika, Melinis minutiflora, zilizopandwa huko kwa malisho.

Ndiyo maana hoja ya baadhi ya wanaoupanda kwamba "bustani yangu inauokoa" hainiingii akilini. Chungu kilichoko California kinahifadhi mche, hakizimi moto Petrópolis. Na kitunguu kilichong'olewa mwambani ni mali ya wizi hata kikija na risiti, maana umeondoka na mama wa mbegu zote zijazo.

Anayeutaka aanze na mbegu za mkulima mwenzake. Ziache zielee juu ya maji mpaka zitoe mzizi, ndipo uzihamishie kwenye changarawe. Kuhusu maua, miaka kumi si ajabu. Asiye na subira hiyo, amarilisi nyekundu zimejaa madukani.