Shikamoo Tatu kwa Nguzo ya Udongo

Ili mnielewe, lazima nianze na ng'ombe.

Siku niliyokwenda Iringa kujitambulisha ukweni, mimi mtoto wa Tanga mwenye viatu vya kung'aa, nilimkuta mtu mmoja pembeni ya shamba anachimba viazi. Koti limechanika kwapani, miguu peku, kofia ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi. Nikamwita kwa mbali, "Oya kaka, niaje? Hapa kwa mzee ndiyo wapi?" Akanitazama, akanyoosha jembe kuelekea nyumba yenye bati jekundu, akaendelea na viazi vyake. Nusu saa baadaye nimekaa sebuleni na mshenga wangu, mlango ukafunguka, akaingia baba mkubwa wa mchumba wangu, yule ambaye bila yeye mahari haijadiliwi. Ameoga, amevaa suti. Udongo wa viazi bado uko chini ya kucha.

"Niaje" ile ilinigharimu ng'ombe mmoja wa nyongeza. Mshenga alijaribu kuomba punguzo, akaambiwa huyo ng'ombe si wa mahari, ni wa salamu.

Tangu hapo, basi likishapita Ruaha Mbuyuni na kuanza kukwea Kitonga, mimi huamkia chochote kinachosimama wima. Nimeshampa shikamoo kondakta ambaye ningeweza kumzaa. Nimeshampa mlinzi wa benki, muuza nyanya, na mara moja kijana wa bodaboda aliyeitikia "marahaba mwanangu" kisha akanitoza nauli ya mgeni. Mke wangu anasema namwaibisha. Mimi nikitazama upande wa wakwe namwona ng'ombe wangu anacheua.

Sasa Julai iliyopita tulipanda na watoto wawili. Binti yetu yuko darasa la sita, kichwa kimejaa Zama za Mawe, anataka kuliona korongo la Isimila kwa macho yake. Mdogo wake ana miaka saba, yeye anataka popote penye mchanga. Mimi nikaongeza la kwangu: tusiende na kurudi, tulale kulekule kwenye hema, watoto wa Dar nao wajue kulala nje. Hema nilikuwa nimeliazima kwa mfanyakazi mwenzangu, ambaye mwenyewe hakuwahi kulilalia. Hilo lilipaswa kunipa mashaka.

Mke wangu aliuliza swali moja tu: "Julai?" Kisha akafungasha mablanketi manne. Kaka yake nilipomkaribisha alinitazama kwa huruma. "Mgosi," akasema, "sisi tulijenga nyumba ili tusilale nje."

Isimila iko kama kilomita ishirini kutoka Iringa mjini ukielekea Mbeya, unaiacha lami na kuingia ndani kidogo. Kijana aliyetuongoza nilimpa shikamoo, akageuka nyuma kuangalia ni nani ninayemsemesha. Lakini alikuwa anaijua kazi yake. Alituonyesha mawe yaliyochongwa, mashoka ya mkono yenye umbo la tone la maji, akasema yanakadiriwa kuwa na miaka 260,000, na kwamba habari zake zilianza kujulikana mwaka 1951, kisha wachimbuzi wakaja mwaka 1957. Hapa palikuwa na ziwa. Wanyama walikuja kunywa maji, na watu wakawafuata na mashoka yao.

"Kwa nini waliyaacha chini?" mdogo akauliza. "Mama yao hakuwaambia wayarudishe mahali pake?"

Kijana akakosa jibu. Akahamia kwa kiboko wa zamani, aina iliyokwisha kutoweka, ambaye macho yake yalichomoza juu ya kichwa kuliko ya kiboko wa leo, hivyo aliweza kuzama karibu mwili wote na bado akakuona. Mke wangu akasema anamfahamu mama mmoja wa mtaani kwetu mwenye kipaji hicho.

Kisha tukateremka korongoni, na hapo niseme ukweli, nilinyamaza. Mchanga mkavu chini, jua la saa sita linakuchoma utosini, na pande zote nguzo za udongo zimesimama ndefu kama wazee wa kikao. Kijana akaeleza kuwa maji ya mvua yamekula udongo laini miaka na miaka, ila pale penye tabaka gumu juu, lile tabaka limekaa kama kofia na kuukinga udongo ulio chini yake, ndiyo ikabaki nguzo. Nguzo yenye kofia. Neno hilo lilinikaa kichwani bila mimi kujua. Pimbi wakatuchungulia kutoka kwenye nyufa, binti akajaza kurasa nne za daftari, na soli ya kiatu changu cha kushoto ikaanza kufungua mdomo kila nikipiga hatua. Tukaifunga kwa kipande cha kanga.

Pa kulala tulipapata kwa mzee mmoja mwenye shamba si mbali na pale. Nilimwamkia kwa mikono miwili. Akatupa uwanja kando ya zizi, akatuonyesha choo nyuma yake, akasema tukizidiwa na baridi mlango wa jiko haufungwi. Nikamshukuru kama mtu asiyehitaji msaada wa aina hiyo.

Kusimika hema kulichukua saa mbili. Mfuko ulikuwa na vigingi kumi na nguzo tatu, lakini picha kwenye mfuko ilikuwa na nguzo nne. Ya nne tukakata fito. Zipu ya mlango ilifunga hadi katikati ikagoma, ukiibembeleza inapanda, ukiilazimisha inauma kitambaa. Jua lilipozama, baridi ya Iringa ikaja bila hodi. Wale mnaoijua mnaijua. Wengine fikirini mmelala ndani ya mtungi. Dawa yangu ilikuwa chai ya tangawizi, vikombe vinne, kimoja juu ya kingine. Mke wangu aliviona. Hakusema kitu. Alijifunika.

Saa nane za usiku, vikombe vyote vinne vikaamka kwa pamoja.

Nikaibembeleza zipu, nikatoka nimejitanda blanketi, kiatu kinapiga makofi chini. Mbalamwezi imewaka. Nikalizunguka zizi, labda kwa upande usio wake, maana choo sikukiona. Nilichokiona ni mtu. Amesimama hatua kama kumi mbele yangu, ukingoni mwa kikorongo, kimya, kofia imeshuka usoni.

Damu ya ukweni ikanipanda. Nikasimama wima. "Shikamoo, mzee."

Kimya.

Nikafikiri hajasikia, upepo ulikuwa unavuma. Nikasogea. "Shikamoo, mzee wangu. Samahani kwa usumbufu, mimi ni mgeni wa hapa, natafuta choo."

Kimya. Hakugeuka hata shingo. Hapo ndipo nilipomwona ng'ombe wangu kwa mara nyingine, nikamwona hata na ndama. Huyu amekasirika. Nimemkosea nini? Nikakumbuka: nimemwamkia na kofia kichwani! Nikaivua kichwa kikabaki wazi kwenye baridi ile, nikainama hadi blanketi likagusa ardhi, nikatoa neno pekee la Kihehe ninaloliamini: "Kamwene, baba!"

"Kamwene," sauti ikajibu. Ikitokea nyuma yangu.

Sikumbuki vizuri kilichofuata, ila watoto wanakikumbuka na wanakiigiza kila tukipata wageni. Nilikimbia. Kiatu kilibaki. Mguu wangu ukanasa kwenye kamba ya hema, ile fito ikakatika, na hema lote likaishukia familia yangu iliyokuwa usingizini. Ndani likazuka vumbi la makelele. Mke wangu anasukuma mlango, zipu imeuma. Binti anapiga yowe, "Fisi!" Mdogo anacheka, kwa sababu yeye alidhani ndiyo kupiga kambi kwenyewe. Mimi niko juu yao, nimezongwa na blanketi, natoa shahada.

Mwenye sauti akaja taratibu na tochi. Alikuwa mzee wetu, ametoka kukagua ng'ombe wake. Akamulika lile rundo, akamulika mguu wangu peku, halafu akamulika kule nilikotoka. Nguzo ya udongo, kimo cha mtu, kofia yake juu.

"Huyo uliyekuwa unamwamkia," akasema polepole, "alikuwepo hapa kabla baba yangu hajazaliwa. Heshima umempa. Ila choo hakijui."

Kuhusu choo, tuseme kuwa wakati huo sikukihitaji tena, na mablanketi yalikuwa manne, kwa hiyo yakabaki matatu.

Mzee alizichana meno ya zipu kwa kisu, akawatoa watu wangu mmoja mmoja kama anazalisha. Tukamalizia usiku jikoni kwake, tumezunguka mafiga pamoja na kuku saba. Sijawahi kulala vizuri namna ile. Asubuhi nilitoka nikawakuta watoto wamejipanga mbele ya nguzo. "Shikamoo babu," wanasema kwa zamu, na mama yao anaitikia kwa niaba yake kwa sauti nzito.

Shemeji alikuja kutuchukua. Aliliangalia hema, akaniangalia miguu, akapokea maelezo kutoka kwa watoto watatu, maana mama yao siku hiyo alikuwa mtoto. Njia nzima hakunicheka hata kidogo. Alikuwa anaandika kwenye simu tu kila akisimamisha gari.

Tukafika nyumba ya bati jekundu. Baba mkubwa alikuwa uani, peku, ameshika jembe. Nikamkimbilia. "Shikamoo, baba mkubwa."

Hakujibu. Amesimama wima, mikono ubavuni, kofia ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi, macho mbele.

"Shikamoo, baba mkubwa," nikarudia.

Kimya. Nyuma ya pazia la jikoni nikasikia mtu anazibwa mdomo. Sikuwa na njia nyingine. Nikavua kofia, nikainama.

"Kamwene, baba."

Jembe ndilo lililoanza kutikisika.