Mwalimu wa michezo aandaliwe kwa ajili ya mtoto anayechaguliwa mwisho

Ingia chuo chochote kinachoandaa walimu wa elimu ya viungo, uwaulize wanachuo nani alikuwa kwenye timu ya shule. Mikono itakayonyanyuka ni mingi. Wengi waliipenda kazi hii kwa sababu walikuwa hodari uwanjani, na hapo ndipo tatizo linapoanzia. Wanamichezo mnivumilie kidogo.

Mwaka 1975 mwanasosholojia wa Marekani, Dan Lortie, alieleza kwamba mtu huanza kujifunza ualimu tangu akiwa mwanafunzi, kwa kuwatazama walimu wake miaka nenda miaka rudi. Akifika chuoni tayari anayo picha kichwani ya namna somo linavyoendeshwa. Kwenye hesabu au historia picha hiyo inaweza kuwa na kasoro zake, ila kwenye michezo ina kasoro ya pekee: mwalimu mtarajiwa alilitazama somo akiwa katikati ya uwanja, mpira mguuni. Hakumwona aliyesimama pembeni akiomba kipindi kiishe. Hakumwona aliyejifanya kasahau nguo za michezo wiki baada ya wiki. Leo anakwenda kufundisha darasa ambalo nusu yake ni watoto wa namna hiyo.

Kwa maoni yangu, falsafa ya mafunzo haya ianzie hapo hapo. Kabla ya kumwongezea mwanachuo maarifa, chuo kimfundishe kuliona somo kwa macho ya mtoto asiyelipenda.

Hatujafika huko, na historia inaeleza kwa nini. Msweden Per Henrik Ling alipofungua taasisi yake ya jimnastiki Stockholm, Sweden, mwaka 1813, mwalimu alikuwa mtu wa kutoa amri, na wanafunzi wakiinua mikono kwa pamoja. Jeshi lilipenda, shule nazo zikaiga. Baadaye michezo ya mashindano ikachukua nafasi, na mwalimu akawa kocha. Kisha mwaka 1964 Franklin Henry wa chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, akatetea kwamba elimu ya viungo isimame kama taaluma kamili ya kisomi. Fiziolojia (jinsi mwili unavyofanya kazi), biomekanika (jinsi mwili unavyojongea) na saikolojia ya michezo vikashamiri. Sibezi hata kidogo, maana mwalimu asiyejua moyo na misuli hufanya nini ni hatari kwa watoto. Lakini matokeo yake ni kwamba mwanachuo anaweza kuhitimu akijua asidi inavyojikusanya kwenye msuli, na asijue afanye nini na watoto arobaini na mipira mitano.

Tukubaliane pia juu ya kazi ya somo lenyewe. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi ya nguvu ya kadiri hadi makali kila siku. Zaidi ya asilimia 80 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 duniani hawafikii kiwango hicho. Vipindi viwili kwa wiki haviwezi kuziba pengo hilo, hata mwalimu awakimbize watoto mpaka watapike. Kinachowezekana ni mtoto kutoka kwenye kipindi akiwa na hamu ya kucheza jioni, na kesho, na akiwa na miaka thelathini. Mwalimu anayetumia kuzunguka uwanja kama adhabu anafundisha kinyume kabisa cha hicho, na kwa ufanisi mkubwa.

Njia za kufundishia zipo, tena si mpya. Mtaalamu wa elimu ya viungo Muska Mosston mwaka 1966 alizipanga mbinu za ufundishaji kuanzia amri tupu hadi pale mwanafunzi anapojitafutia jibu mwenyewe. David Bunker na Rod Thorpe, waliokuwa Loughborough, Uingereza, mwaka 1982 walipendekeza tuanze na mchezo uliorahisishwa, mtoto auelewe kwanza, ufundi ufuate. Chukua mpira wa wavu. Kwa mtindo wa zamani watoto wanapanga mstari, kila mmoja anapiga mara moja na kurudi nyuma kusubiri zamu. Kwa mtindo wa pili, wawili kwa wawili, wavu umeshushwa, mpira ni mwepesi, unaruhusiwa kuudaka kwanza. Mwalimu anauliza: nafasi iko wapi upande wa pili? Mtoto mnene asiyeweza kuruka anaweza kulijibu swali hilo kuliko wote, na ghafla mwenzake anamhitaji.

Tatizo ni kwamba mbinu hizi hufundishwa darasani kwa kuandika notisi, kisha mwanachuo anapelekwa kwenye mazoezi ya kufundisha na kurudia yale aliyofundishwa utotoni. Ningebadili hapo kwanza. Kabla hajashika filimbi, mwanachuo akae pembeni ya kipindi kizima akimtazama mtoto mmoja tu, yule asiyevutia macho. Ahesabu amegusa mpira mara ngapi. Aandike alisubiri dakika ngapi, na nani aliongea naye. Arudie kwa mtoto mwingine. Pia ajifunze chuoni mchezo mmoja asioujua kabisa, wenzake wakimtazama. Mwanasoka afundishwe kucheza dansi, atajua aibu ya mwili usiotii inakuwaje.

Najua swali linalokuja: mabingwa tutawatoa wapi? Tutawatoa kwenye timu ya shule na kwenye klabu, baada ya saa za masomo, mikononi mwa kocha. Hiyo ni kazi nzuri na mwalimu yule yule anaweza kuifanya jioni. Kipindi kilicho kwenye ratiba ni cha wote. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1978, uliorekebishwa mwaka 2015, unaitambua elimu ya viungo kama haki ya kila mtu.

Na mkufunzi anayekwenda kumkagua mwanachuo shuleni aache kupima unyoofu wa mistari na ukali wa filimbi. Andalio la somo likishasomwa, amuulize swali moja: yule mtoto aliyekuwa karibu na goli, mwenye shati limetoka nje, leo amejifunza nini? Asiyejua ni mtoto yupi arudie zoezi.